JOTO NA MAJI KATIKA MASHINE YA UPEPO



Katika miaka hii wanachama kadhaa wametumia sehemu ya fedha zao za karafuu kununua mashine ya upepo, yaani kompresa, na kuiweka nyumbani. Jambo hili ni la kusifiwa. Sote twajua kuwa mkarafuu hauna ahadi: mwaka huu huzaa mpaka matawi yakainama, mwaka wa pili ukawa haba, na mwenye kazi nyingine ya mkono hapati taabu sana akingojea msimu. Kwa mashine hiyo mtu hujaza mipira ya baiskeli, vespa na magari, hupiga rangi milango na vitanda, na hupuliza vumbi katika injini.

Lakini malalamiko yaletwayo kwangu ni yale yale mawili: mashine yachemka mno, na upepo wake una maji. Wengi hudhani haya ni maradhi mawili. La, ni maradhi mamoja, na yafaa tuyaelewe, kwa sababu mwisho wake si kuharibika kwa rangi tu, bali ni khatari ya roho.

JOTO LATOKA WAPI?

Aliyewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono amekwisha kulipata somo hili. Ishike pampu upande wa chini baada ya kupiga mara ishirini, utaiona ina moto. Sababu yake si msuguano peke yake. Hewa yo yote ikibanwa hupata joto. Mashine yetu hubana hewa mpaka ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, ndiyo kusema hewa ya pishi nane hushindiliwa katika nafasi ya pishi moja. Kwa hiyo hewa itokayo katika kichwa cha silinda yaweza kupita digrii 150 za Selsiasi.

NA MAJI JE?

Hewa ya kisiwani si kavu. Siku ya joto la digrii 30, na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo wa hewa hubeba kadiri ya gramu 24 za maji. Hatuyaoni, maana ni mvuke. Lakini weka gilasi ya maji ya barafu mezani, mara utaiona yatoka jasho. Gilasi haikuvuja, ni hewa iliyopoa ikautua mzigo wake.

Sasa turudi kwenye pishi zetu nane. Zikiingia katika nafasi ya pishi moja, maji ya zote nane yamo humo. Katika kila mita ya ujazo ya hewa iliyobanwa mna gramu 192. Ingali moto, hewa huweza kuyabeba. Ikipoa ikarudi digrii 30, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30. Zilizobaki, 162, hazina budi kudondoka. Mashine ndogo ivutayo lita 100 kwa dakika hutoa kwa njia hii kadiri ya gramu 120 za maji kwa saa, yaani vikombe viwili vidogo vya kahawa.

Basi maji yatatoka tu. La kuuliza ni yatokee wapi. Chujio la maji hukamata matone, halikamati mvuke. Hewa ikipita chujioni ingali moto, maji hupita nayo, yakaja kudondoka mbele, ndani ya mpira, na kutoka pamoja na rangi. Ni kama mtu afungaye karafuu guniani zingali mbichi: gunia limefungwa vizuri, lakini maji yamo ndani. Kwanza poza, kisha kamata. Hiyo ndiyo kanuni.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mahali. Usiiweke mashine katika ghala lililofungwa wala juani. Iweke kivulini, penye upepo upitao, na gurudumu lake liwe mbali na ukuta si chini ya futi moja, ili lipate kuvuta hewa baridi. Isiwe karibu na jiko wala karibu na mtambo wa kupikia mafuta ya makonyo, kwani itavuta moto na mvuke kwa pamoja.

Pili, usafi na mapumziko. Vumbi likijaa katikati ya mapezi ya silinda ni kama kuivika mashine blanketi. Lisugue kwa brashi. Tazama mafuta kila asubuhi, na safisha chujio la hewa. Kadhalika tafuta panapovuja kwa povu la sabuni. Mashine inayovuja haipumziki, na isiyopumzika haipoi. Na kama kazi yako ni ya ratili 40, huna haja ya kuilazimisha mashine kubana kupita kiasi ilichopangiwa.

Tatu, bomba la kupozea. Hili ndilo lenye faida kubwa. Lile bomba fupi litokalo kichwani kwenda mtungini libadilishwe kwa bomba refu la shaba nyekundu, likunjwe mizunguko mipana, likae pale gurudumu linapopeperusha hewa. Literemke daima kuelekea mtungini, lisiwe na bonde la kutuamisha maji. Upana wake wa ndani usipungue ule wa bomba la asili. Viungo viwe vya kukaza kwa nati au vya kuchomelewa kwa shaba. Risasi ya kulehemia bati itayeyuka. Bomba la plastiki ni mwiko, maana likipasuka vipande vyake huruka kama visu. Wala usiweke koki kati ya silinda na mtungi. Siku itakaposahauliwa imefungwa, kitu kitapasuka. Lile bomba jembamba liendalo kwenye swichi usiliondoe. Ndilo litoalo upepo kichwani mashine inaposimama, ili ipate kuanza tena bila kulemewa.

Nne, chujio likae mbali na mtungi, mwisho wa bomba, mahali ambapo hewa imekwisha poa. Anayetaka kupiga rangi ajaze mtungi, aungoje upoe, amwage maji, kisha apunguze nguvu ya upepo kwa vali yake. Hewa ikishushwa kutoka ratili 100 mpaka 45 hupata nafasi mara mbili, na unyevu wake hupungua kwa nusu. Chembe za silika za kukausha hewa zafaa kwa kazi nzuri, lakini ziwe za mwisho. Zikipelekewa hewa ya moto yenye maji hujaa upesi zikawa hazina kazi.

Tano, kumwaga maji kila siku baada ya kazi, mtungi ungali na upepo kidogo wa kuyasukuma nje. Maji hayo yana mafuta. Yasimwagwe karibu na kisima.

KWA NINI NASISITIZA

Hili la tano mimi mwenyewe nililipuuza. Koki ya mtungi wangu iko chini kabisa, na kwa uvivu wa kuinama nilikaa karibu mwaka mzima sikuifungua. Siku moja nikasikia mlio mwembamba kama wa nyoka. Tundu la sindano lilikuwa limetoboka upande wa chini. Nikamwita fundi alichomelee. Yeye akagonga pembeni ya tundu kwa nyundo ndogo, na nyundo ikazama. Chuma kilikuwa kimeliwa kutoka ndani, rangi ya nje ikibaki inang'aa. Watoto wangu walizoea kuukalia mtungi huo kila jioni wakila maembe.

Basi nawaomba, ndugu zangu: mtungi uliotoboka kwa kutu usichomelewe. Tundu moja ni dalili ya mengi yasiyoonekana. Kiraka hakirudishi unene wa chuma. Utobolewe kabisa usitumike tena. Mwenye shaka na mtungi wake aupeleke kwa fundi ajuaye kuupima kwa kuujaza maji na kuyasukuma kwa pampu, si kwa upepo; maji hayana mrukaji, mtungi ukishindwa huvuja tu. Na kila mwezi uvute ule mkwaju wa vali ya usalama uone kama yatoa upepo. Isiyotoa ibadilishwe, wala isizibwe kwa sababu yapiga kelele.

Mwenye bomba la shaba na asiyejua kulikunja bila kulivunja apite ofisini siku za mkutano. Nitamwonyesha namna ya kulijaza mchanga mkavu kwanza, na kulipuliza safi kabla ya kulifunga. Na leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mwenye mashine ainame afungue ile koki.



KATIBU