Kiangazi Huandaliwa Mei

Masika yakianza kupungua Mkolani, huku Kanda ya Ziwa, katikati ya Mei hivi, bustani za nyuma ya nyumba huwa ndiyo kwanza zimenoga. Mchicha umefika magotini, maboga yametambaa hadi juu ya uzio, matembele yamefunika tuta zima. Ni wakati mbaya wa kuridhika. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua karibu hukatika kabisa, na anayengoja majani yanyauke ndipo ashike jembe huwa ameshachelewa.

Wakulima wa Ulaya hujiandaa kwa barafu na siku fupi. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki nusu saa, na usiku wa Julai, hata ukituvalisha sweta, hauui mche wa sukuma wiki. Kwa hiyo miezi ya kupanda iliyochapwa nyuma ya pakiti ya mbegu kutoka Uholanzi isikusumbue. Kinachoua bustani huku ni kiu, na kiu ina hesabu yake.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jua na upepo wa kiangazi huweza kuondoa milimita 5 hivi kwa siku kwenye tuta lililojaa mboga. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 litataka basi lita 25 kila siku, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo yake. Mwenye matuta manane anahitaji lita 200, na bado hajafua wala hajapika. Ndiyo maana nasema punguza bustani mapema, wakati bado ni ya kijani. Bakiza matuta mawili au matatu yaliyo karibu na bomba au kisima, mengine vuna uyaache yapumzike. Matuta mawili yaliyoshiba maji yatakulisha vizuri kuliko manane yanayolambishwa.

Udongo wetu nao haurahisishi mambo. Sehemu kubwa ya mitaa hii imekaa juu ya miamba ya matale, na miguuni mwa miamba hiyo kuna mchanga ambao Wasukuma huuita luseni: mwepesi kulima, mwepesi pia kupoteza maji. Ukiumwagia ndoo tatu kwa mkupuo, maji mengi hupita chini ya mizizi. Mwagilia kidogo kidogo, jioni au alfajiri, na uchanganye samadi iliyooza kwa wingi, kwa sababu ndiyo inayoshika maji pale ambapo mchanga unayaachia. Umbo la tuta nalo libadilike. Masika tunainua matuta ili maji yasituame. Kiangazi fanya kinyume, tengeneza tuta mbonyeo, ulishushe sentimita 15 hivi chini ya njia ili kila tone libaki ndani.

Halafu tandaza. Maganda ya mpunga kutoka mashineni yanafaa sana, unene wa vidole vitatu hivi, ukiyanyunyizia maji kidogo yasipeperushwe na upepo wa ziwani. Wengi hukosea majira tu: hutandaza Julai, juu ya udongo uliokwisha kukauka, na matandazo hayo hubaki kulinda vumbi. Yawekwe siku moja au mbili baada ya mvua ya mwisho ya maana.

Wapo wanaokimbilia bondeni kufuata unyevu. Siwalaumu, hasa wa nyanya, maana ukungu wa masika ukiisha nyanya hupata nafuu kubwa, mradi uwahi kukagua utitiri chini ya majani. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Pima kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo haihusu mboga za Julai. Inahusu marando, yaani mashina ya kupandia viazi vitamu. Kanda ya Ziwa inakula viazi vitamu kwa wingi, michembe na matobolwa vikiwa akiba ya kiangazi (mimi ni mtu wa matobolwa, kiazi kilichochemshwa kabla ya kukatwa na kuanikwa kina utamu ambao michembe, inayoanikwa mbichi, haina). Lakini kila vuli ikirudi, watu huanza kuulizana nani ana marando. Yamekauka, au yameliwa na mbuzi. Yanayopatikana mara nyingi yana virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari, na tuta lililopandwa marando hayo hutoa viazi vya kuhesabika. Uhaba huo ndio uliozaa mradi wa Marando Bora, ulioendeshwa katika kanda hii kuanzia mwaka 2009 hadi 2012 na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kwa kutumia wakulima waliozalisha mbegu safi vijijini mwao.

Asiye na bonde la kutunzia marando anaweza kutunza viazi vyenyewe ndani ya mchanga. Kazi inaanza Mei hii hii: pita shambani majani yakiwa bado mabichi, uchomeke kijiti kwenye mashina yenye afya. Majani madogo, yaliyojikunja, yenye manjano ni dalili ya virusi. Shina hilo liache. Ukisubiri majani yanyauke, huwezi tena kutofautisha mgonjwa na mzima. Vuna mashina uliyoweka alama kabla ardhi haijapasuka, kwa kuwa fukusi hupita kwenye nyufa hizo kuvifikia viazi. Chagua vya ukubwa wa kati, visivyo na tundu wala jeraha.

Chukua beseni au ndoo iliyotoboka. Anika mchanga, uuache upoe kabisa, kisha panga tabaka la mchanga na tabaka la viazi visivyogusana, hadi juu umalizie na mchanga. Weka mahali penye ubaridi, mbali na panya. Kagua kila mwezi, utoe kilichooza. Mwishoni mwa Agosti, wiki sita hadi nane kabla ya mvua za vuli, vitoe vikiwa vimechipua, uvipande kwenye moja ya yale matuta mbonyeo, kwa nafasi ya nusu mita, ukizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Kiazi kimoja kikipata maji vizuri kinaweza kukupa vipande vya marando vipatavyo 40.

Mvua ikishika, kata ncha tu, sentimita 25 hadi 30. Sehemu ya chini ya shina, iliyokomaa, ndiko fukusi hupenda kutaga mayai. Hiyo wape mbuzi.