Kosa la Ra Messerer Lilikuwa Ndoa

Maya Plisetskaya, mcheza baleti wa Bolshoi, anajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa baleti. Mama yake, Rachel Messerer, hatajwi sana, ingawa ndiye aliyetangulia kutazamwa. Alizaliwa Vilnius mwaka 1902, na katika miaka ya 1920 aliigiza filamu zisizo na sauti kwa jina la Ra Messerer. Inayokumbukwa zaidi ilitengenezwa Uzbekistan mwaka 1928, naye akawa mwanamke wa Kiuzbeki.

Lakini si filamu zilizomponza. Mumewe, Mikhail Plisetski, alisimamia machimbo ya makaa ya mawe ya Wasovieti kule Spitsbergen, kaskazini mwa Norway. Alikamatwa mwaka 1937, akapigwa risasi Januari 1938. Kitinda mimba wao, Azari, alizaliwa baba akiwa tayari kizuizini.

Mke alitiwa hatiani vipi? Jibu limo katika amri namba 00486 ya tarehe 15 Agosti 1937, iliyotolewa na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin. Wake wa wanaume walioitwa wasaliti walifungwa miaka 5 hadi 8, bila kuulizwa wao wenyewe wamefanya nini. Kinachotisha zaidi ni utulivu wa kiofisi ulioandikiwa amri hiyo: watoto wapelekwe vituo vya yatima, na anayenyonya aende kambini na mama yake, hadi akikua kidogo naye atenganishwe.

Rachel alikamatwa mwaka 1938 na kuhukumiwa miaka 8. Akapelekwa na Azari hadi ALZHIR, kambi ya wake wa "wasaliti" karibu na Akmolinsk, Kazakhstan. Watoto wake wakubwa, Maya na Alexander, waliponea kwa dada na kaka yake, wote wachezaji wa Bolshoi: Sulamith alimchukua Maya, Asaf akamlea Alexander.

Sulamith hakuishia kulea. Alitumia heshima aliyokuwa nayo serikalini mpaka dada yake akatolewa kambini na kupelekwa uhamishoni katika mji wa Chimkent. Mwaka 1941 Rachel alirudi Moscow. Ni wachache waliokuwa na dada wa namna hiyo. Wengi walimaliza vifungo vyao.

Azari naye alikuja kuwa mcheza baleti. Rachel alifariki mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 91. Dola iliyomfunga ilikuwa imeshavunjika mwaka 1991.