Neno la Siri na Kumbukumbu ya Binadamu

Mtu anayetumia simu na kompyuta siku hizi hulazimika kukumbuka maneno ya siri mengi: la barua pepe, la benki, la fomu za kuombea chuo, pamoja na namba ya siri ya pesa za simu. Aghalabu huishia kutumia jina la mtoto wake, na jina hilo hilo kila mahali. Je, huo ni uvivu? Mwandishi wa makala haya anaona kwamba lawama hiyo si ya haki. Kwa muda mrefu watu walipewa kanuni zisizolingana na maumbile ya akili zao.

Maneno ya siri ya kompyuta yalianza mapema katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Wakati huo kompyuta moja ilijaza chumba, na kundi lililoongozwa na Fernando Corbató lilibuni mfumo wa kuwawezesha watu wengi kuitumia kwa pamoja. Ili kila mmoja awe na majalada yake, alipewa neno lake la siri. Maneno yote yaliwekwa katika orodha moja ndani ya mashine, waziwazi. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa utafiti ambaye saa alizogawiwa hazikumtosha, aliiagiza mashine imchapie orodha hiyo, nayo ikatii.

Dawa iliyopatikana baadaye ni kusaga. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje. Vivyo hivyo kompyuta hulipitisha neno la siri katika hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, ikahifadhi unga tu. Ukiingia tena, neno lako husagwa upya na unga wake hulinganishwa na ule uliomo ghalani. Mwizi akiliiba ghala hana budi kukisia neno, kulisaga, na kulinganisha, tena na tena.

Lakini kukisia si kazi ngumu kama idhaniwavyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell, walitangaza matokeo ya kuyapima maneno 3,289 waliyoyakusanya kwa watumiaji. Maneno 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa dhaifu: 15 yalikuwa ya herufi moja tu, 72 ya herufi mbili, na mamia mengine yalionekana katika kamusi na orodha za majina.

Wakuu wa mitambo wakakaza kanuni. Mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia, aliandika mwongozo ulioigwa katika nchi nyingi: neno lichanganye herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, tena libadilishwe mara kwa mara. Kwa hesabu tupu, shauri hilo lilionekana jema. Lakini binadamu hachagui kwa bahati nasibu. Akitakiwa aweke herufi kubwa huiweka mwanzoni. Akitakiwa tarakimu huiweka mwishoni. Na akitakiwa abadilishe, Simba1 huwa Simba2. Wezi nao walizijua tabia hizo. Mwaka 2017 taasisi hiyo iliacha kuyashurutisha mambo hayo, ikauweka urefu mbele, na Burr, aliyekwisha kustaafu, akasema kuwa anajutia mengi katika aliyoyaandika.

Kwa nini urefu? Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba hivi kwa mara moja. La kutia moyo ni kwamba kitu kimoja chaweza kuwa herufi, au chaweza kuwa neno zima. Kwa hiyo kuyashika maneno sita si kazi kubwa kuliko kuzishika herufi sita zisizo na maana. Mmarekani Arnold Reinhold alilitumia jambo hili mwaka 1995 alipotunga orodha ya maneno 7,776, ambayo ni 6 kwa kipeo cha 5, ili kila neno lichaguliwe kwa kurusha dadu mara tano.

Wanafunzi wa hisabati waweza kutunga orodha yao ya Kiswahili. Maneno 1,296 yatosha, kwa kuwa hiyo ni 6 kwa kipeo cha 4. Dadu ikiamua, huenda yakatoka: chungu, daraja, nyuki, fundi, wimbi. (Methali haifai hata kidogo, mwizi naye aijua.) Tuseme mwizi ana mitambo ya kujaribu makisio bilioni 10 kwa sekunde, kasi ambayo si ajabu leo pale usagaji ulipokuwa hafifu. Neno la herufi ndogo 8 za kizungu, yaani 26 kwa kipeo cha 8, atalimaliza kwa sekunde 21. Maneno matano ya dadu yatamchukua siku 4 na ushei. Ukiongeza neno la sita, siku hizo huwa miaka 15.

Hata hivyo, maneno sita kwa kila mlango ni mzigo, na ufunguo mmoja kwa milango yote ni hatari: ukiibwa kwa mmoja, umeibwa kwa wote. Zipo programu za kuyatunza, nazo ni njema. Asiyenazo na aandike katika daftari na kulifungia sandukuni, ijapokuwa wengi wamefundishwa kuwa hilo ni kosa. Mwizi wa ghala la kompyuta yuko mbali, wala hafiki sandukuni.

Namba ya siri ya pesa za simu ni jambo jingine, maana mwizi wake huwa karibu. Tarakimu nne hutoa namba 10,000 tu, na kinachozilinda ni kwamba huduma hufungwa baada ya makosa machache. Lakini anayeujua mwaka uliozaliwa hana haja ya makosa.