Maana 645 za neno lenye herufi tatu

Peter Gilliver, mhariri katika kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, alishughulikia kitenzi kimoja tu, "run", kwa takribani miezi 9. Kufikia 2011 kilikuwa kimegawanywa katika maana 645, kikalipiku neno "set", ambalo katika toleo la 1989 lilikuwa na maana 430 hivi.

Shuleni tunafundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na mengine yote ni sitiari. Sikubaliani. Kijerumani, ndugu wa damu wa Kiingereza, kina kitenzi "rinnen", nacho maana yake ni kuchuruzika. Kinorsi cha kale kilikuwa na "renna", kilichotumika kwa miguu na kwa maji vilevile. Basi pua inayotoa kamasi, bomba linalomwaga maji na kitenge kinachochuja rangi, ambavyo kwa Kiingereza vyote hu-"run", havikuazima neno la mwanariadha. Kiini cha neno hili ni mwendo usiokatika, uwe wa mtu au wa mto. Enzi ya viwanda ilipofika, mwendo huo ukapewa mashine, ukapewa treni, na katika karne ya 20 ukapewa programu ya kompyuta. Hata uchaguzi umo: mgombea wa Marekani hukimbia, ilhali wa Uingereza, kwa kawaida yao, husimama.

Lakini nani huamua kwamba matumizi mawili ya neno ni maana mbili na si moja? Ni mtunga kamusi, na kazi hiyo ni ngumu. Kipimo kimojawapo ni hiki: tunga sentensi ya Kiingereza inayosema mama fulani ali-"run" maratoni na duka la mikate, kitenzi kitajwe mara moja tu. Msikilizaji atashtuka, kwa hiyo maana ni mbili. Weka basi na treni mahali pa maratoni na duka, hakuna atakayeshtuka. Katikati ya mifano hiyo pana eneo pana la mashaka, na hapo mhariri mmoja hugawa pale ambapo mwenzake angeunganisha. Idadi ya 645 ni matokeo ya maamuzi hayo. Maana hazihesabiki kama ng'ombe zizini.

Msemaji wa Kiswahili ana "piga": simu, picha, pasi, deki, kura, magoti. Hatubabaiki, kwa sababu nomino inayofuata hutuonyesha njia. "Run" nayo hutegemea jirani zake. Ikifuatwa na homa, mtu anaumwa; ikifuatwa na taa nyekundu, dereva amevunja sheria; ikifuatwa na beseni la kuogea, mtu analijaza maji. Ndiyo maana ningependa kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili zipange neno hili kwa nomino zinazoandamana nalo. Mwanafunzi aliyekariri "kimbia" pekee hatajua la kufanya akiona beseni.