Steringi ni mwanamke, lakini wenzake wako wapi?

Watoto waliniambia ninyamaze, steringi bado hajafika. Nilikuwa Tawa, kule Mbooni kaunti ya Makueni, nyumbani kwa rafiki niliyesoma naye diploma Mombasa. Sebuleni kulikuwa na filamu ya mapigano iliyotiwa maneno ya Kiswahili na DJ, na mwanamke mmoja ameshaangusha wanaume sita. "Huyo ni demu wa steringi," kijana mmoja akanielewesha. Tukasubiri steringi aje. Hakuja, maana steringi alikuwa ni yule yule mwanamke.

Sikuwalaumu. Neno hilo lilitujia pamoja na kina Rambo, Bruce Lee na Schwarzenegger. Mwanamke kazi yake ilikuwa kutekwa nyara ili apate kuokolewa.

Susu, nyanya wa nyumba hiyo, alikuwa pembeni akichambua mbaazi. Aliinua macho, akatazama kidogo, akauliza jambo kwa Kikamba. Rafiki yangu akanitafsiria: "Huyu mama hana wenzake?"

Swali hilo limenikaa. Tunasifu kwamba siku hizi wanawake nao wanapigana kwenye filamu, lakini hatuulizi wanaonyeshwa vipi. Kwanza, ni lazima aonewe ndipo ainue silaha. Katika Kill Bill ya 2003 ni bibi harusi mjamzito anayepigwa risasi kwanza. Ni kweli wanaume pia hulipiza kisasi, John Wick aliua watu chungu nzima baada ya kuuliwa mbwa wake, lakini James Bond huamka tu akaenda kazini. Pili ni mavazi. Katika Jurassic World ya 2015 mama wa watu anakimbizwa na mijusi mikubwa kuliko lori naye amevaa viatu vya visigino virefu. Wallahi, mke wangu huvua vya kwake akifika mlangoni tu.

La tatu ndilo aliloliona Susu. Shujaa wa kike huwekwa peke yake katikati ya wanaume. Hata Ripley wa filamu ya Alien, 1979, ambaye mimi namhesabu kuwa bora kuliko wengi waliomfuata kwa sababu ana akili na ana woga kama binadamu yeyote, mwishoni hubaki yeye na paka.

Mambo yamebadilika kiasi. Black Panther ya 2018, aliyocheza Lupita Nyong'o wetu, ina kikosi kizima cha askari wanawake. The Woman King ya 2022 ilieleza habari za majeshi ya wanawake wa Dahomey, Benin ya leo, na kiongozi wao akaigizwa na Viola Davis, aliyekwisha kuvuka miaka 50. Na hapa nyumbani, Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018, ina shujaa mtoto wa kike, Jo, aliye mgonjwa mahututi. Hapigi mtu. Kijiji chote kinashirikiana kumtengenezea filamu yake.

Nauliza haya kwa sababu nina binti wa miaka 11, na sisi wa Pwani tuna Mekatilili wa Menza. Mwaka wa 1913 alikuwa mjane, mtu mzima, akizunguka vijiji vya Wagiriama na ngoma ya kifudu, akiwalisha watu kiapo wasiwatii Waingereza. Alikamatwa akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakatoroka, wakarudi Pwani. Nguvu yake ilikuwa watu waliomfuata. Akitengenezewa filamu na watengenezaji wakubwa, nahofia atapewa miaka 25, nguo ya ngozi ya kubana, na mume aliyeuawa dakika ya kumi.

Susu mwenyewe amechimba matuta kwenye miteremko hiyo ya Mbooni na kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Matuta yale bado yanashika udongo hadi leo.

Filamu iliisha kwa yule mwanamke kuondoka peke yake ndani ya moshi, na watoto wakapiga makofi. Susu akauliza anaenda kwa nani. Hakuna aliyemjibu.