Kabla ya kukata stika nyingine

Kwa wenye magari wengi wa Nsemulwa, hapa Mpanda, bima maana yake ni stika. Mtu huikumbuka anapomwona trafiki mbele, huikata kwa wakala aliye karibu, kisha huisahau kwa miezi kumi na miwili. Ikiisha, hurudi kwa wakala yuleyule, akalipa kiasi kilekile kwa kampuni ileile. Katikati ya mwaka huo gari limeshuka thamani, au limeanza kubeba abiria, au limeuzwa kwa shemeji. Bima haijui lolote kati ya hayo, na siku ya ajali kutojua huko humgeukia mwenye gari.

Wazee waliomiliki malori Mpanda miaka ya 1980 hawakuwa na la kuchagua. Serikali ilitaifisha biashara ya bima mwaka 1967, na kwa takriban miongo mitatu Shirika la Bima la Taifa, NIC, ndilo lililouza bima Tanzania Bara. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaleta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa sura tunayoijua leo. Sasa kampuni ni nyingi, mawakala wamefika hadi mikoani, na benki nazo zinauza bima. Uhuru wa kuchagua tunao, lakini wengi wetu bado tunakata bima kana kwamba duka ni moja.

Bei si sababu kubwa

Anayetaka kuhama kampuni kwa kufuata bei hupata kidogo, hasa kwenye bima ndogo, ile inayowalipa watu wengine unaowaumiza au unaowaharibia mali. Bima hiyo ni lazima kisheria, na bei iliyozoeleka kwa gari binafsi ni Sh100,000, ambayo kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hufika Sh118,000. Wakala anayekuuzia kwa nusu ya hapo anastahili kutiliwa shaka. Chukua namba ya gari lako uihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS. Kama gari halionekani humo, ulichonunua ni karatasi.

Kwenye bima kubwa, inayolipa pia gari lako mwenyewe, kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la Sh12 milioni hulipiwa Sh420,000, na kwa kodi inakuwa Sh495,600. Tofauti yake na bima ndogo ni Sh377,600. Jiulize kama gari hilo likiteketea kesho unaweza kununua jingine bila kuuza shamba au kukopa. Kama huwezi, tofauti hiyo ni ndogo. Kama gari limechakaa na akiba ipo, kushuka kwenye bima ndogo ni uamuzi wa busara.

Hapa kwetu barabara nayo ina neno lake. Kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga unapita Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako wanyama huvuka njia usiku na mchana. Ukigonga nyati ukiwa na bima ndogo, gharama ya gari ni yako peke yako. Mvua zinaponyesha, Novemba hadi Aprili, utelezi na madaraja madogo huongeza hatari. Mwenye Probox inayozunguka mjini na mwenye Fuso inayopakia mpunga wa Kakese na Mwamkulu kwenda mbali hawawezi kuwa na bima ya aina moja kwa sababu tu wanakata kwa wakala mmoja.

Gari likibadilika, bima ibadilike

Kuna mambo manne ambayo hayapaswi kusubiri stika iishe. La kwanza ni matumizi: gari lililokatiwa bima ya binafsi likianza kubeba abiria au mizigo kwa malipo, kampuni ina haki ya kukataa madai. La pili ni mmiliki. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu, kwa hiyo ukinunua gari Dar es Salaam likiwa na stika ya muuzaji, usiendeshe hadi Mpanda ukidhani umekingwa. Toa taarifa, ubadilishe jina.

La tatu ni thamani. Gari la Sh12 milioni lililoandikwa Sh6 milioni ili kupunguza ada ni mtego, maana hata hasara ndogo inaweza kulipwa nusu tu. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii, kwa sababu kampuni hulipa thamani halisi ya soko. La nne ni safari. Anayevuka Tunduma au Kasesya kuingia Zambia anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000.

Kampuni hupimwa kwa kulipa

Kuhama kampuni ni jambo jingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye bima usemi huo una uzito: mwaka bila madai humpa mteja wa bima kubwa punguzo, na ukihama bila barua ya kuthibitisha historia yako, unaweza kulipoteza. Lakini mbacha uliotoboka hauna sababu ya kung'ang'aniwa. Waulize wenye magari waliowahi kupata ajali: mkadiria hasara alifika Mpanda baada ya siku ngapi? Gari lilitengenezwa hapa, au lilivutwa hadi Mbeya au Tabora, na nani alilipia? Fomu za polisi zilipokamilika, fidia ilikuja lini? Kampuni inayozungusha wateja kwa miezi bila maelezo ya maandishi imekupa sababu ya kuondoka. Kabla ya hapo una haki ya kupeleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Uimara wa kampuni nao uangaliwe. Nchini Kenya, United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na wenye matatu wengi wakabaki na madai mikononi. Ada nafuu haikuwasaidia.

Ukiamua kuhama, usivunje mkataba wa zamani kabla mpya haujaanza. Siku moja tu ya pengo inatosha kukufilisi. Kuvunja katikati ya mwaka kuna hasara pia, kwani kampuni hurudisha pungufu ya sehemu iliyobaki, na ukiwa umeshalipwa fidia huenda usirudishiwe kitu. Wakati mzuri ni wiki chache kabla ya bima kwisha, ukiwa na bei na masharti ya kampuni mbili tatu mezani, hasa kile kiasi utakachojilipia mwenyewe kwenye kila ajali.

Kwa Nsemulwa naongeza ushauri mmoja. Sheria haitaki bima ya mkopo: hulipi, huna kinga. Fedha hapa huonekana baada ya mavuno, na Januari mifuko imekauka huku mvua ikiendelea. Ndiyo maana wengi hukimbilia bima ndogo mwezi huo, hata wale ambao gari ndilo mtaji wao wote. Unapohama kampuni, panga mkataba mpya uanze Juni au Julai, mpunga ukiwa umeuzwa, bila kuacha pengo, hata kama mara hii moja itakubidi kukubali hasara ya kuvunja ule wa zamani. Utachagua bima ukiwa na fedha mkononi, na mvua za Novemba zitakukuta umekingwa.