Pambo la ndani: kipimo kwanza, urembo baadaye

Mwanamke wa Pwani ana mapambo ya aina mbili: ya kuonwa na watu, na ya kwake na mwenziwe. Kipini, vipuli, bangili na pete ni vya barazani. Shanga za kiunoni, mkufu mwembamba unaozunguka nyonga chini ya dera, na kikuku kinachofichwa na buibui ni mambo ya chumbani. Haya ya pili hukaa na ngozi mchana na usiku, yakalowa jasho la joto letu la Watamu. Ajabu ni kwamba ndiyo yanayonunuliwa haraka haraka, maana mnunuzi huona haya kuuliza, na kuyajaribu dukani ndiyo hathubutu kabisa.

Zamani haya hiyo ilikuwa na dawa yake. Mwali hakuachiwa kujichagulia peke yake. Somo yake, yaani kungwi wake, alimpima, akamtungia shanga, akamfunza namna ya kuzivaa na kuzitunza. Siku hizi wengi wanajinunulia wenyewe, na maarifa yale yamebaki kwa wachache.

Pwani hii imejua mapambo karne nyingi. Kilomita chache kutoka Watamu yako magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. James Kirkman, aliyeanza kuyachimba mwaka 1948, aliziita baadhi ya nyumba kwa vitu vilivyopatikana ndani yake, na mojawapo ni Nyumba ya Ushanga wa Venice. Baadaye ikaja fedha ya riale. Riale za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780, zilitumika kama sarafu na pia ziliyeyushwa na masonara wakafua mafurungu na vikuku. Riale ile ilikuwa na fedha kiasi cha asilimia 83, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba.

Mchanganyiko ndio jambo la kwanza la kuuliza. Fedha nzuri ya leo hupigwa muhuri wa 925, yaani sehemu 925 katika 1,000 ni fedha halisi. Kinachowasumbua watu zaidi ni nikeli, madini yanayochanganywa katika mapambo ya bei rahisi. Jasho huitoa, nayo ngozi isiyopatana nayo huwasha, ikafanya vipele na weusi. Kama kifungo cha suruali ya jinzi hukuwasha chini ya kitovu, jihadhari na mkufu wa kiunoni usiojulikana umetengenezwa kwa madini gani. Shaba huacha rangi ya kijani mwilini, lakini hiyo huoshwa ikatoka. Chukua pia sumaku ndogo uende nayo: fedha, dhahabu na shaba havivutwi. Pambo likivutwa, yaelekea kuna chuma chini ya rangi ya juu, na rangi ikichubuka kutu haitachelewa.

Jambo la pili ni kipimo, nacho huhitaji uzi tu. Kwa kiuno, zungusha uzi mahali hasa pambo litakapokaa, kisha keti na upumue kama kawaida. Vidole viwili vipite kati ya uzi na ngozi bila kulazimisha. Mkufu wenye kulabu hufunguliwa upendapo, lakini shanga zilizofungwa moja kwa moja hazina budi kupita kwenye nyonga, basi pima na hapo pia. Kwa kikuku kisichofunguka, sehemu ya kupima ni kisigino, si kifundo peke yake. Kile chenye mdomo wazi kipapase ncha zake kwa kidole: zikikwaruza kidole, zitararua shuka na ngozi pia.

Pete ipimwe jioni, mwili ukiwa na joto. Asubuhi ya baridi kidole huwa chembamba, na pete ya asubuhi hubana mchana. Uzi ukitoa mzunguko wa milimita 54, gawanya kwa 3.14, upate upana wa tundu, kama milimita 17. Pete pana huhitaji nafasi zaidi kuliko nyembamba, kwa sababu inashika nyama nyingi.

Hapo ndipo urembo unapoingia. Duara laini lisilo na nakshi za kuchoma ndilo la kulala nalo. Mawe na njuga ni vya saa chache. Anayekwenda kuogelea aache mapambo nyumbani: vidole husinyaa majini, pete ikachomoka bila mwenyewe kuhisi, na maji ya bwawa la hoteli yenye klorini huharibu fedha.

Pete ikikwama, usiivute kwa nguvu. Inua mkono, paka sabuni. Isipotoka, pitisha ncha ya uzi chini ya pete, kisha zungushia uzi uliobaki kwenye kidole, ukiubana, kuanzia kwenye pete hadi kupita fundo. Shika ile ncha iliyo upande wa kiganja uuzungushe kuufungua. Pete itasogea mbele pole pole. Kidole kikigeuka rangi au kufa ganzi, nenda hospitali ikatwe. Mjamzito avue pete na vikuku mapema kabla mwili haujavimba, na uso au mikono ikivimba ghafla asingoje, aende kliniki.

Wenye maduka nao wana wajibu. Mhudumu mwanamke, pazia moja, uzi wa kupimia na jibu la kweli kuhusu madini havigharimu sana, na vinamtoa mteja hofu ya kuuliza. Na akina mama na mashangazi, mwanenu anapokaribia harusi, mfundisheni kipimo hiki kabla hajaingia dukani.